Kionga si Kiongozi: Juu ya Bei ya Kadi ya Grafiki

Mwaka 2025 tulijikuta katika shauri ambalo hatukutazamia kwamba lingetufikia sisi walimu wa lugha: je, tununue kadi ya grafiki mpya na ya daraja la juu kabisa, au fedha tulizokabidhiwa tuzielekeze kwingine? Tunalieleza shauri hilo hapa kwa kuwa twaamini walimu wenzetu, hasa wanaokusanya masimulizi ya wazee, watakutana nalo leo au kesho.

Kwanza yafaa tueleze asili ya fedha zenyewe. Sisi ni walimu watatu wa Kiswahili katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, upande wa Palma. Tangu mashambulizi yalipoanza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017, na hasa baada ya Palma yenyewe kushambuliwa tarehe 24 Machi 2021, watu wa pwani hii walitawanyika. Wapo waliokwenda Pemba, wapo waliofika Montepuez, na wapo waliovuka Ruvuma. Baadhi ya wazee wetu walifia ugenini, na kila aliyekufa aliondoka na maneno yake. Watu walipoanza kurudi tuliwaendea wazee waliosalia, tukanasa sauti zao wakisimulia kwa Kimwani na kwa Kimakwe, lugha mbili zilizo jirani sana na Kiswahili lakini zenye njia zao wenyewe. Kimakwe kimebahatika kuandikiwa sarufi nzima na Maud Devos, iliyochapishwa mwaka 2008. Hata hivyo masimulizi yake yaliyokwisha kuandikwa bado ni haba. Sisi tulipata saa 46 za sauti. Wanafunzi wetu wa zamani wakatuchangia metikali 140,000 na ushei ili sauti hizo ziandikwe.

Hapo ndipo mpwa wa mmoja wetu, kijana aliyesomea kompyuta Pemba, alipotujia na ushauri. “Walimu wangu,” alisema, “nunueni kadi hii moja tu, na kazi ya miaka itakwisha kwa juma moja.” Vijana wa huku, kwa kuchanganya na Kireno, huiita plaka.

Kadi ya grafiki iliundwa hapo awali kwa ajili ya kuchora picha za michezo ya kompyuta. Ndani yake mna maelfu ya vikokotozi vidogo vinavyofanya hesabu kwa pamoja, mfano wa wavuvi wengi wanaovuta juya moja. Kumbe namna hiyo hiyo ya kukokotoa yazifaa pia programu zinazosikiliza sauti na kuiandika. Programu aliyoikusudia kijana wetu ni Whisper, iliyotolewa bure na OpenAI mwezi Septemba 2022. Ilifunzwa kwa saa 680,000 za sauti, ambazo takriban theluthi mbili zilikuwa za Kiingereza. Kiswahili kimo, Kimwani na Kimakwe havimo.

Kadi aliyoitamani ilikuwa Nvidia GeForce RTX 5090, iliyoanza kuuzwa tarehe 30 Januari 2025. Ina kumbukumbu ya gigabaiti 32. Bei yake iliyotangazwa Marekani ilikuwa dola 1,999, na katika miezi ya mwanzo maduka mengi yaliiuza kwa zaidi ya hapo. Kwa kiwango cha benki cha metikali 64 hivi kwa dola, hizo ni karibu metikali 128,000, kabla ya nauli na ushuru, na kabla ya kununua kompyuta yenye uwezo wa kuibeba. Kadi hiyo pekee hula hadi wati 575 za umeme, na mtengenezaji anashauri mtambo wa kuigawia umeme uwe wa wati 1,000. Ikifanya kazi kwa nguvu zake zote saa nane, itakula uniti 4.6. Sisi huku umeme hukatika pasipo kubisha hodi, na hewa ya chumvi hula hata misumari.

Hatukutaka kuukataa ushauri wa kijana kwa woga wa wazee. Mkataa jipya bila kulijaribu ni sawa na mpokea jipya bila kulihoji. Kwa hiyo tulikata shauri kulijaribu.

Tulianza na kompyuta yetu ndogo ya mkononi, isiyo na kadi ya namna hiyo. Tuliipa sauti ya bibi mmoja aliyesimulia jinsi jamaa zake walivyoondoka Kionga zamani, kijiji kile cha mdomo wa Ruvuma ambacho Wajerumani walikitwaa mwaka 1894 na Wareno wakakichukua mwaka 1916. Saa moja ya sauti iliichukua kompyuta usiku kucha. Asubuhi tukasoma. Pale Bibi aliposema kwa Kimakwe kwamba watu waliondoka Kionga usiku, mashine ilikuwa imeandika kwamba kiongozi aliondoka usiku. Kila Kionga ilipotajwa, kiongozi alitokea. Tuliporudia kusoma tukaona kwamba mashine haikuacha hata pengo moja mahali isipoelewa. Ilikuwa imelichukua kila neno geni ikalivika kanzu ya Kiswahili sanifu, na sentensi zikasomeka vizuri kabisa. Asiyemjua Bibi angeziamini.

“Hilo ni kwa sababu kompyuta hii ni dhaifu, tumetumia modeli ndogo,” alisema kijana. Hoja hiyo ilikuwa ya haki. Kwa ridhaa ya Bibi mwenyewe tukakata dakika 20 za simulizi lake, tukakodi kwa njia ya intaneti mashine yenye kadi ya nguvu, kwa bei isiyofika dola moja kwa saa, na tukaitumia modeli kubwa kuliko zote za Whisper. Kazi ilikwisha kabla chai haijapoa. Maandishi yalikuwa na alama nzuri zaidi za vituo. Lakini kiongozi alikuwapo bado, akiondoka usiku.

Tukiri hapa jambo lililotuuma. Kosa la mashine hatukuwa wageni nalo. Ni mara ngapi sisi wenyewe darasani tumemsikia mtoto wa pwani akisema neno la kwao, nasi tukalifuta kwa wino mwekundu na kuandika juu yake neno la kamusi? Mashine ilifanya lile tulilolifanya miaka mingi, ila yenyewe ililifanya kwa kasi.

Basi tukafanya hesabu. Modeli kubwa ya Whisper yahitaji takriban gigabaiti 10 za kumbukumbu. Kadi iitwayo RTX 3060, iliyotoka mwaka 2021 kwa dola 329, ina gigabaiti 12 na hula wati 170. Kwa saa 46 za sauti, tofauti kati ya kadi hizo mbili ingekuwa ya muda wa kungoja tu. Na kama ni kungoja, hayo masimulizi yamekwisha kungoja miaka mingi kuliko hiyo.

Kijana hakushindwa upesi, na tunamshukuru kwa hilo. “Basi kodini siku zote,” alisema, “lakini mjue kwamba sauti za wazee zitapita katika mashine za watu msiowajua. Humo wamo waliotaja majina ya waliopotea na ya waliowaficha. Je, mliwaomba ruhusa ya hilo?” Hatukuwa na jibu. Bibi aliridhia dakika 20, wengine hatukuwauliza. Aliendelea kusema kwamba iwapo siku moja tutaandika vya kutosha kwa mikono yetu, mashine yaweza kufunzwa Kimakwe kwa maandishi hayo, na mafunzo hayo yahitaji kadi. Hilo nalo ni kweli. Lakini zipo njia za kurekebisha sehemu ndogo tu ya modeli, ambazo hata kadi ya gigabaiti 12 yazimudu.

Hivyo tukaamua. Kadi ya juu hatukuinunua. Tulinunua ile ya mwaka 2021, iliyokwisha kutumika, tukaitia katika kompyuta kuukuu iliyopo, ili sauti zisitoke nyumbani. Fedha zilizobaki tuliwalipa vijana wawili, mmoja msemaji wa Kimakwe na mwingine wa Kimwani, waandike kwa sikio. Mashine hutangulia kuwaonyesha sauti inapoanzia na inapokomea, nao huifuta na kuandika upya.

Hatusemi kwamba kadi ile haistahili bei yake kwa mtu yeyote. Mchoraji wa filamu, au mtaalamu anayefunza modeli kubwa kila siku, huenda akairudisha fedha yake kwa miezi michache, kwani kwake kila saa ya kungoja ni hasara. Almuradi mnunuzi ajiulize: ni kazi gani iliyokwisha kuwa tayari inaingoja kadi hii, na itafanya kazi saa ngapi kwa siku? Na je, kinachotukwamisha ni kasi kweli, au ni kingine? Sisi kilichotukwamisha kilikuwa sikio linalojua kwamba Kionga ni kijiji.

Mpaka tunapoandika haya, saa 11 zimekwisha kuandikwa kati ya 46. Tulimpelekea Bibi simulizi lake, kijana wa Kimakwe akamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, akasahihisha majina mawili ya watu, kisha akaomba tuongeze la tatu ambalo siku ile alilisahau.