Steringi Analia

Kibanda umiza tulichokuwa tukienda Tabora kilikuwa na mabenchi sita, televisheni moja na sheria moja: ukichoka toka, hela hairudi. Sisi tulitaka ngumi. Siku ilipowekwa Interstellar, ya 2014, tulijazana kwa kuwa tuliahidiwa vyombo vya angani.

Lilipoinuka lile wimbi refu kama mlima, banda zima lilipiga kelele. Leo nalikumbuka kwa shida. Kilichonibaki ni kilichofuata: steringi anarudi chomboni, anakuta saa chache za kule chini zimekula miaka 23 ya duniani, anaketi kutazama ujumbe wa watoto wake. Mwanawe anakua, anapata mtoto, anachoka kungoja jibu. Steringi analia. Kijana aliyekuwa akitutafsiria, ambaye hanyamazi hata watu wakibusiana, alinyamaza. Filamu ya zaidi ya dola milioni 160, na kipande kilichotushika kingeweza kurekodiwa sebuleni kwa mtu.

Kipande hicho kilinirudia mwaka jana nilipopeleka wageni Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye tembe la mmisionari Livingstone, alipokaa na mwandishi wa habari Stanley mwanzoni mwa 1872. Wageni hutaka misafara: bendera, bunduki, pembe za ndovu. Mimi huwasimulia fuko la barua za Livingstone. Lilitoka Unguja Novemba 1870, likakwama huku Unyanyembe, Stanley akalichukua, likamfikia mwenyewe Ujiji baada ya mwaka mzima. Mzee akalipakata, akasoma barua moja mbili za watoto wake, uso ukamchanua. Zilizobaki akaziweka, akaomba kwanza habari za dunia. Kungoja alikwishazoea.

Mpagazi wa Kinyamwezi aliyeshuka Bagamoyo na pembe begani, yeye hakuwa na fuko. Mtoto aliyemwacha mgongoni kwa mama alimkuta anakimbia. Filamu ya mpagazi huyo sijaiona popote, na nina shaka kama wenye mamilioni wataiwaza.

Binti yangu yuko Dodoma. Hunitumia sauti kwa WhatsApp, ndefu, zenye honi za daladala ndani yake. Nilizoea kuziongezea kasi. Nyingine nikiziacha kiporo. Usiku wa siku ile ya Kwihara nilikaa barazani, nikaiacha moja iende mwendo wake. Dakika nne nzima anaeleza alivyoungua mkono akisonga ugali, na kwamba kidonda bado kinamuuma, nimwambie apake nini.

Ilikuwa ya wiki tatu nyuma.