Isangi: Laptopu isizime katikati ya wimbo

Katika sherehe nyingi siku hizi, bendi nzima inaingia ndani ya mfuko mmoja. Kijana anashuka kwenye mtumbwi akiwa na laptopu aliyoifunga kwa plastiki, mikseri ndogo, mikro mbili na nyaya. Ngoma, besi na gitaa vimo ndani ya kompyuta. Waimbaji wanasimama mbele. Bei yake si kali, na kwa hiyo hata familia isiyo na mali inaweza kuozesha binti au kumaliza matanga kwa heshima. Lakini laptopu ikizima, bendi yote imezima.

Kwa wengi ni aibu ya dakika chache. Kwa familia zilizokimbia mapigano yaliyoanza Lubunga mwezi wa pili 2023, ni jambo lingine. Mama aliyewahi kutoka mbio na watoto anasikia muziki ukikatika, taa zinakufa pamoja nao, watu wanapiga kelele gizani. Kabla hajajua kwamba ni esansi tu imeisha kwenye jenereta, amekwisha kumshika mtoto mkono na kutafuta njia. Sherehe ilikuwa ya kumpumzisha, imemrudisha alikotoka.

Sababu za laptopu kuzima zinajulikana, na nyingi zinazuilika bila pesa. Ya kwanza ni umeme. Spika zikivuta nguvu kwa ghafula, jenereta ndogo inayumba. Laptopu yenye betri nzima haitikisiki. Ile ambayo betri yake imekufa inazimika palepale. Fundi mwenye akili anaichomoa laptopu nyumbani na kupiga muziki saa nzima, aone kama betri inavumilia. Mwenye betri ya umeme wa jua anailisha laptopu huko, spika anaziachia jenereta. Na esansi inapimwa kabla ya wimbo wa kwanza.

Ya pili ni joto. Laptopu inapumua kwa matundu ya chini na ya pembeni. Ikiwekwa juu ya kitambaa au kwenye jua, inachemka na kujizima ili isiungue. Vipande viwili vya mbao chini yake, pamoja na kivuli, vinatosha. Isiwekwe kamwe juu ya spika: diski za zamani zinazozunguka haziwezi mtikisiko wa besi.

Ya tatu ni kazi nyingi kwa wakati mmoja. Intaneti ifungwe, programu zisizohitajika zifungwe, na mpango wa kulala uondolewe. Mashini iwashwe upya kabla watu hawajafika. Wimbo wenye vyombo vingi unageuzwa kuwa faili moja ya sauti, kompyuta isihangaike kuvitengeneza vyote papo hapo.

Hata hivyo, mashini ni mashini. Wazee wa Kilokele walijua namna ya kujikinga na kosa. Ngoma yao ya mti ina sauti mbili tu, ya juu na ya chini, na maneno mengi yanafanana yakipigwa. Kwa hiyo mpigaji haachi neno likae peke yake. Analiongezea maneno mengine mpaka msikiaji wa mbali asiweze kukosea. John Carrington, mmisionari aliyeishi Yakusu, alieleza jambo hilo katika kitabu chake cha 1949. Ujumbe wa lazima haukutegemea mlio mmoja.

Muziki wa sherehe nao usitegemee mashini moja. Nyimbo zilezile ziwe kwenye simu iliyokwisha kuungwa kwenye mikseri. Taa moja iwe na betri yake. Na awepo mtu mwenye ngoma ya mkono, aliyefanya mazoezi na waimbaji, ili mikro zikifa sauti za watu ziendelee. Wimbo usipokatika, hakuna atakayekimbia.

Baba au mama anayeandaa sherehe asiulize bei peke yake. Kabla ya kutoa pesa ya kwanza, amuulize kijana wa laptopu: «Ikizima, nani ataendelea kupiga?» Kama hana jibu, ni vizuri kutafuta mpiga ngoma mapema, hata kwa sahani ya wali na samaki.