Mbao za Nje Hunyweshwa, Hazivishwi

Karakana ya useremala niliyoitumikia tangu ujana wangu imefungwa. Mashine ya randa iliuzwa kwa kilo kama chuma chakavu, na meza za kazi zikapasuliwa kuni. Siku hizi kazi zote za mbao katika mashamba yale ya chai hupewa makontrakta wanaofika asubuhi na pikapu na kuondoka jioni kabla rangi haijakauka. Kustaafu sikulalamikii, umri wangu ulikuwa umetimia. Kinachonifanya nishike kalamu ni gati moja la mvule, na namna lilivyotendewa.

Nilizaliwa upande wa Bomet, karibu na Longisa. Baba alikuwa mchumaji wa majani chai Kericho, na tulipokua kidogo akatuchukua tukaishi naye kambini. Nilimaliza darasa la saba, karo ya sekondari ikakosekana, nikachuma chai kwa muda. Kisha mnyapara mmoja aliyemheshimu baba akanipeleka karakana kufagia maranda. Mama alikuwa amenipa funzo moja tu lililonifaa huko. Alinifundisha kusafisha sotet, kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kuchacha, kwa kusugua ndani kwa sosiot, brashi ya kibuyu, mpaka harufu ya maziwa ya zamani iishe kabisa, ndipo mkaa wa mti wa senetwet uingie. Mkaa juu ya uchafu hakuukubali hata siku moja. Nilipofika karakana nikakuta mzee wa kabila lingine, aliyekulia kwenye maji, akidai jambo lile lile kwa mbao.

Alikuwa Mjaluo, na kabla ya kupanda milima kuja kwetu alikuwa ameunda mashua Dunga, kando ya Ziwa Victoria. Sisi vijana tulimwita Jaduong', yaani mzee, naye alituita "nyathina", mwanangu, hata alipokuwa amekasirika. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Ukikosea alikunyang'anya brashi polepole, akakufanyia mbele ya macho yako, akakurudishia.

Gati lenyewe lilikuwa kwenye bwawa la kampuni ya chai, bondeni kati ya mashamba mawili. Nguzo zake zilikuwa za mutarakwa, ambao ukikaa majini hauna haraka ya kuoza, na juu yake zimelazwa mbao nene za mvule. Aliyelijenga, kabla ya uhuru, alikuwa na akili, kwa sababu kati ya ubao na ubao aliacha nafasi ya msumari mmoja. Jaduong' alikuwa akitupitisha pale na kutuonyesha nafasi hizo. Maji yanayopita hayaozeshi mbao, alisema, yanayoozesha ni yale yaliyokaa.

Kericho iko kwenye mwinuko wa mita 2,000 hivi, na mvua ya mwaka inakaribia milimita 2,000. Mvua yetu hupenda kunyesha alasiri, mara nyingi na mawe ya barafu ndani yake, baada ya jua kali la asubuhi. Jua la mahali pa juu huvunja kile kinachoshikanisha nyuzi za mbao kwa juu, mvua ikaja kukiosha, na kinachobaki ni ngozi ya kijivu ambayo ukiikwaruza kwa ukucha inatoka kama pamba. Juu ya ngozi hiyo huota ukungu mweusi na utelezi wa kijani. Gati letu lilikuwa na ugonjwa mwingine tena: kila kichwa cha msumari kilikuwa na doa jeusi lenye mkia, limefuata nyuzi za ubao. Mvule una tanini, na tanini ikikutana na chuma penye unyevu huzaa weusi. Watu wa chai hawahitaji kuelezwa hilo, maana chai pia ina tanini, na yeyote aliyeacha chai ya rangi juu ya kisu cha chuma amekwisha kuuona weusi huo.

Kusafisha kulikuwa hivi. Magadi tuliyayeyusha katika maji ya moto, tukayamwaga juu ya mbao zilizokwisha loweshwa, tukasugua kwa brashi ngumu ya katani kufuata nyuzi. Brashi ya waya ilipigwa marufuku, kwa kuwa huacha vipande vidogo vya chuma ndani ya ubao, na kila kipande ni doa jipya la kesho. Magadi hutoa grisi, uchafu na mafuta ya zamani, lakini huugeuza mvule kuwa mweusi kama ulioungua, na kijana asiyejua hushtuka hapo. Baada ya kusuuza ndipo ilipoingia asidi ya oksaliki, zile fuwele nyeupe ambazo mafundi wa magari huoshea rejeta. Tuliikoroga katika ndoo ya plastiki, tumevaa glavu na miwani, kwa kuwa ni sumu na vumbi lake halifai kuvutwa puani. Ukiipaka unaona kwa macho yako ule mkia wa msumari ukififia, halafu rangi ya mvule, kahawia yenye dhahabu, inapanda kutoka chini. Nimeifanya kazi hii maisha yangu yote na sehemu hiyo haijawahi kunichosha.

Jiki haikuruhusiwa. Huupausha ubao bila kuutibu, hulegeza nyuzi, na chini yetu kulikuwa na samaki na maji ya watu wa kambini.

Kisha tulisubiri, na hapa ndipo vijana wa leo wanaponiudhi. Mbao iliyooshwa haipakwi kesho yake. Kwetu kazi hii ni ya Januari na Februari, siku ambazo mvua imepungua, na hata hapo unaanza baada ya umande kukauka. Nyunyiza matone ya maji juu ya ubao. Yakisimama kama shanga, hauko tayari kunywa. Yakizama, endelea kuupaka mafuta au dawa yake. Ncha za mbao zipe mara mbili au tatu, maana huko ndiko ubao unakonywea zaidi. Kinachobaki juu baada ya robo saa kifute kwa kitambaa. Na vitambaa hivyo, wanangu, msivirundike pembeni. Mafuta ya kitani yanapokauka hutoa joto, na rundo la vitambaa hujiwasha lenyewe bila kiberiti. Vilowesheni maji, mvianike kimoja kimoja.

Mpaka hapo mimi na Jaduong' tulikuwa kitu kimoja. Tulitofautiana juu ya kile ambacho ubao unapaswa kunywa. Yeye aliapa kwa mafuta ya kitani mabichi, yaliyopashwa moto kidogo, bila rangi yoyote. Mbao nzuri ionekane, alisema. Mimi nilikuwa nimeanza kutumia steini, ile rangi nyembamba ya mafuta inayoingia ndani ya ubao na kuuachia chembe za rangi pamoja na dawa ya ukungu. Nilimwambia kwamba adui wa kwanza wa gati letu ni jua, maji yanafuata tu, na mafuta yasiyo na rangi hayazuii jua. Tena mafuta mabichi ya kitani ni chakula cha ukungu, na unyevu wa Kericho si wa Kisumu.

Tukagawana gati. Upande wa bondeni akapaka yeye, upande wa mlima nikapaka mimi. Mvua ndefu zilipokwisha upande wake ulikuwa na madoa ya ukungu, wangu ulikuwa umebaki na rangi yake. Nilidhani ubishi umekwisha. Jaduong' akachukua brashi na maji ya magadi, akasugua ubao mmoja mbele yangu, akaupaka mafuta upya, ukapendeza kuliko wangu. Kazi ya nje haiishi, akaniambia, kwa hiyo chagua dawa ambayo mtu atakayekufuata anaweza kuirudia bila kukwangua. Hoja hiyo naiheshimu mpaka leo. Lakini steini nayo hurudiwa bila kukwangua, na hudumu zaidi chini ya jua letu. Nilimwambia hivyo siku ile, nikamwambia tena nilipomtembelea kwao akiwa amestaafu, na kama angekuwa hai ningemwambia leo.

Aliondoka bila mrithi wa damu katika kazi hii. Wajukuu zake wawili waliokuwa wakijifunza kwangu walihama katika vurugu za baada ya uchaguzi, mwanzoni mwa 2008, pamoja na majirani wengi ambao hawakurudi. Ninaliandika kwa uchungu, kwa kuwa mikono ile ilikuwa inaahidi.

Mashamba nayo yamebadili wenyewe. Brooke Bond waliingia Kericho katika miaka ya 1920, Unilever wakainunua Brooke Bond mwaka 1984, na mwaka 2024 mashamba hayo yakaenda kwa kampuni ya Browns ya Sri Lanka. Gati letu lilikuwa kwingine, lakini upepo ni ule ule: karakana za ndani zinafungwa, kazi zinatolewa nje. Kontrakta aliyepewa gati letu alikuja na bomba la presha. Maji yale yalichimba sehemu laini za mbao yakaacha mifereji, na kabla ya siku kupita akalipaka vanishi ing'aayo. Meneja mmoja akalisifu kwa mng'ao. Jua likapenya vanishi, likaachanisha ubao nayo, maji yakaingia kwenye nyufa yakakosa pa kutokea. Baada ya mwaka ilikuwa inabanduka kwa maganda. Mbao chache zilizotobolewa na bomba ziling'olewa, zikawekwa za mkaratusi wa kuni za kiwandani, nazo zimejipinda zote.

Mvule haukatwi tena kama zamani. Ukataji wa miti ya asili katika misitu ya serikali ulipigwa marufuku mwaka 1986, na kati ya 2018 na 2023 hata ile ya kupandwa ilizuiliwa. Kuacha mvule wa kabla ya uhuru uoze chini ya vanishi, wakati hakuna wa kuuchukulia nafasi, ni uharibifu, na sioni jina jingine la kuupa.

Nililikagua gati hilo baada ya kustaafu. Nilichoma kisu kando ya nguzo na kwenye ncha za mbao, na mvule uliobaki bado ni mgumu. Nawaomba wanaolitunza sasa walikwangue Januari ijayo, kwa mkono, walisafishe kwa utaratibu nilioueleza, na walipake steini au mafuta, lolote kati ya hayo mawili. Navyo vyuo vya ufundi vya Kericho na Bomet, vinavyofundisha wanafunzi kutengeneza makochi na milango, vilete darasa moja wakati huo lishike brashi. Nitafika kulifundisha, na nauli nitajilipia.