Nansio na Bahasha za Dawa

Ukitaka kufika Nansio, mji mkuu wa wilaya yetu ya Ukerewe, njia ni mbili. Ya kwanza ni meli kutoka Mwanza. Unaliacha nyuma lile jiwe la Bismarck limesimama majini kama mtu anayeaga wageni, na ziwa likiwa tulivu, kwa muda wa saa tatu hivi waona mwambao wa kisiwa. (Nasema muda wa saa tatu, sisemi saa tatu ya asubuhi. Neno hili tutalirudia.) Njia ya pili ni barabara ya Bunda mpaka Kisorya, kisha kivuko mpaka Rugezi, na hapo gari hadi mjini. Mimi hupenda meli, maana melini watu huketi pamoja muda mrefu, na mwenye macho huona mengi.

Safari yangu iliyopita niliketi karibu na mzee mmoja aliyekuwa anarudi nyumbani kutoka kwenye matibabu Mwanza. Alikuwa amewekewa mpira wa mkojo. Mwanawe, kijana mwenye adabu, hakutaka mfuko ule uonekane na watu wala ukanyagwe, basi alikuwa ameutundika kwenye msumari juu ya kichwa cha baba yake na kuufunika kwa kanga. Nikamwuliza taratibu, "Ndugu yangu, umepata kuona maji yakipanda mlima?" Akacheka kidogo, kisha akaelewa. Mkojo hutoka kibofuni kwa kushuka. Mfuko ukiwa juu ya kiuno, mkojo hautoki vizuri, tena waweza kurudi ndani pamoja na vijidudu, na mzee akapata homa kali. Mfuko hukaa chini ya kiuno siku zote, hata mgonjwa akiwa kwenye pikipiki, wala usiguse sakafu, na anayeumwaga anawe mikono kwa sabuni kabla na baada. Yule kijana akaushusha, akaufunga kwenye mguu wa benchi. "Tuliambiwa hayo yote, kaka," akasema, "lakini siku ile ya kutoka tulikuwa na furaha mno, hatukusikia kitu."

Maneno hayo nimeyakumbuka mara nyingi. Mtu anayempeleka mzee wake nyumbani huwa na furaha au huwa na hofu, na katika hali zote mbili masikio yake hayafanyi kazi.

Ukishuka bandarini Nansio utapokewa na wachukuzi, pikipiki, magunia ya dagaa, na machungwa yetu ambayo hatuoni haya kuyasifu. Kisiwa hiki ndicho kikubwa kuliko vyote vya Ziwa Victoria, na watu ni wengi hata hakuna kipande cha ardhi kilicholala bure. Kama si muhogo ni mpunga, kama si mpunga ni nyumba. Hospitali ya Wilaya iko hapa mjini, tena mitaani yako maduka ya dawa muhimu. Simama karibu na hospitali ile saa nne ya asubuhi uwatazame wanaotoka. Karibu kila mmoja ameshika bahasha ndogo ya dawa. Wengine wanakwenda Kagunguli, wengine Bwisya kule Ukara, wengine vijiji usivyovijua. Ukifuata bahasha moja mpaka mwisho wa safari yake, ndipo utakapoona jambo ninalotaka kukuambia.

Serikali inayo makao ya wazee wasio na wa kuwatunza. Ya karibu nasi ni Bukumbi, wilaya ya Misungwi. Yako pia Nyabange upande wa Musoma, na Kilima huko Bukoba. Lakini wazee wanaoishi humo ni wachache sana ukilinganisha na walio majumbani. Kwetu makao ya wazee ni kile chumba cha nyuma, chenye kitanda cha kamba na dirisha dogo. Na mganga wa chumba kile ni nani? Ni binti wa darasa la tano, au mkwe anayekimbilia shambani, au mjukuu anayekuja Jumamosi.

Mimi ni karani wa parokia. Watu huja ofisini kutafuta cheti cha ubatizo, na wakiisha kukipata, huchelewa kidogo mlangoni, kisha hutoa bahasha mfukoni: "Mwalimu, hebu nisomee na hii." Wananiita mwalimu kwa sababu nilisomea ualimu. Basi nimesoma bahasha nyingi, na nimegundua kwamba makosa mengi hayatokani na dawa, yanatokana na kusoma.

Chukua alama ile ya "1 × 3". Mtoa dawa anakusudia kidonge kimoja, mara tatu kwa siku. Mzee mmoja aliniambia yeye humeza vitatu kwa pamoja asubuhi, akaongeza kwa fahari, "Moja mara tatu ni tatu, ndivyo tulivyofundishwa." Nilicheka, kisha nikaona haya, maana hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa. Au chukua maneno "kila saa 8". Mtoa dawa anataka muda wa saa nane upite kati ya dozi na dozi, yaani mara tatu kwa usiku na mchana. Lakini kwa Kiswahili chetu saa nane ni mchana, jua likiwa kali. Mama mmoja alimpa mgonjwa wake wa kifua kidonge kimoja tu kwa siku, saa nane kamili, bila kukosa hata siku moja. Uaminifu wa namna ile sijauona tena, na kifua kilizidi kuwa kibaya. Tena iko saa ya simu. Simu ikisema 8:00 sisi twasema saa mbili. Ukiandikiwa "8:00" waweza kungoja mpaka saa nane.

Kwa hiyo usione haya kumwambia anayekupa dawa: "Niandikie kwa maneno. Asubuhi vingapi, mchana vingapi, jioni vingapi, kabla au baada ya kula?" Kisha umrudishie wewe maneno yale kwa kinywa chako kabla ya kuondoka, naye akusikie. Hatakasirika, na hata akikasirika, basi akasirike.

Sasa nikueleze kosa langu mwenyewe, nisije nikaonekana mwenye hekima.

Bibi yangu mzaa baba ana ugonjwa wa sukari na hutumia vidonge vya kuishusha. Jumamosi moja nilifika nyumbani mapema. Mama mdogo alikwisha kwenda kwenye mpunga. Nikaona bahasha juu ya sanduku, nikaisoma vizuri, nikampa Bibi kidonge chake na maji, naye akameza bila neno, maana wazee hawapendi kumkatalia mjukuu. Nilijiona mjukuu mwema. Kumbe alfajiri mama mdogo alikwisha kumpa. Na uji wake ulikuwa pale pale kwenye kikombe, ameonja mara mbili tu.

Kabla ya adhuhuri Bibi alianza kutoka jasho, na haikuwa siku ya joto. Mikono ikatetemeka. Akaniita kwa jina la marehemu baba yangu, akaniuliza kama ng'ombe wamerudi. Jirani mmoja akasema ni uzee, mwingine akasema maneno ambayo sitayaandika hapa. Akaja muuguzi mstaafu anayekaa nyumba ya tatu. Yeye hakutazama angani wala pembeni, aliuliza tu: "Amekula nini leo? Amemeza vingapi?" Nilipojibu, nilisikia sauti yangu ikipotea. Akakoroga sukari katika kikombe cha maji, akahakikisha kwanza kwamba Bibi anaweza kumeza, akamnywesha kidogo kidogo. Baada ya robo saa hivi Bibi aliniita kwa jina langu.

Muuguzi akatuamuru tumlishe, kisha tumpeleke hospitali siku ile ile ingawa alionekana mzima, kwa sababu vidonge vya aina ile hukaa mwilini muda mrefu na sukari yaweza kushuka tena usiku. Akatuonya pia kwamba mgonjwa aliyezimia asimiminiwe kitu chochote kinywani, kwani kitakwenda mapafuni. Huyo akimbizwe hospitali.

Mikono miwili yenye upendo karibu imuue bibi mmoja. Nami nilidhani ni ujinga wa vijijini kwetu, mpaka niliposoma kwamba Uingereza, kwenye nyumba za wazee zenye wahudumu waliofundishwa, wataalamu walichunguza wazee 256 katika nyumba 55, wakatoa matokeo mwaka 2009: karibu wazee saba katika kila kumi walikutwa na kosa moja au zaidi la dawa siku ile ya kuchunguzwa. Mara nyingine mwandikaji wa dawa alikosea, mara nyingine aliyeitoa, mara nyingine aliyempa mzee. Na wao wana karatasi ambayo mhudumu hutia sahihi kila ampapo mzee dawa. Sisi hatukuwa na karatasi yoyote.

Tulinunua daftari la shule, tukalitoboa, tukalitundika kwa kamba ya katani karibu na kitanda. Kila siku mstari mmoja: asubuhi, jioni. Anayetoa dawa huweka alama palepale, si baadaye. Asiyejua kuandika huchora msalaba. Hakuna alama, hakuna dawa iliyotolewa. Iko alama, usitoe. Nasi tulimchagua mtu mmoja awe mwenye daftari, naye ni mama mdogo. Mimi mgeni wa Jumamosi sigusi bahasha kabla sijamwuliza.

Daftari lilitufunulia na mengine. Tuligundua kwamba Bibi alikuwa pia anameza vidonge vya maumivu ya miguu alivyopewa na rafiki yake. Baridi yabisi si mchezo; Mzee Aniceti Kitereza wa Kagunguli, aliyemaliza kitabu chake cha Kikerewe mwaka 1945, iliutesa mwili wake uzeeni mpaka alipofariki mwaka 1981. Siwalaumu wazee kutafuta nafuu. Lakini diklofenaki na ibuprofeni, mzee akizimeza siku nyingi, zaweza kutoboa tumbo, kuumiza figo na kupandisha presha. Dawa ya jirani ni ya jirani. Ukienda hospitali chukua bahasha zote, hata za dukani, uzimwage mezani mbele ya daktari.

Wenye kutumia sindano ya insulini wana taabu ya joto. Bati la mchana laweza kuiharibu. Chupa iliyokwisha kufunguliwa huhifadhiwa ndani ya mtungi wa udongo kwenye kivuli, imefungwa isiingie maji, wala haikai zaidi ya majuma manne. Na sindano zilizotumika zitiwe kwenye kopo gumu lenye kifuniko zirudishwe zahanati, zisitupwe shambani wanakotembea watoto pekupeku.

Jambo la mwisho ni ziwa lenyewe. Watu wa Ukara hawahitaji kukumbushwa tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka kikitoka Bugorora na watu zaidi ya 220 wakapoteza maisha. Upepo ukivuma usiende kuvuka kwa sababu ya kidonge cha presha kilichokwisha jana. Hesabu mapema. Vikibaki vya majuma mawili, hiyo ndiyo siku ya kupanga safari ya Nansio, maana dawa ya presha haiachwi kwa kuwa mzee anajisikia vizuri.

Jumamosi iliyopita nilikwenda tena. Bibi hajui kusoma, lakini nilipoinama kumsalimu alinyoosha mkono, akalivuta daftari kwa kamba yake, akalifungua ukurasa wa siku ile na kuuweka mbele ya macho yangu. Palikuwa na msalaba mmoja, wa asubuhi. "Umeona?" akaniuliza. Nikasema nimeona, Bibi. Akalirudisha ukutani, ndipo akaniuliza habari za safari.