Mama, kompaila na laki moja na nusu

Jioni hiyo nyumbani kwao Mwembesongo, mjini Morogoro, mama alikuwa akihesabu mauzo ya siku. Huuza kabichi na karoti za Mgeta katika Soko Kuu la Chifu Kingalu. Kijana wake, aliyemaliza kidato cha sita, akasogea karibu.

"Mama, nahitaji laki moja na nusu."

Fedha hizo, alieleza, ni za kompaila ya lugha ya C. Alitaka kuanza kujifunza kabla ya kwenda chuo, na fundi mmoja alikuwa amemwambia kwamba bila kununua programu hiyo, kompyuta yao ya mtumba haitamsaidia kitu.

Mama alinyamaza. Kiasi hicho ndicho alichotenga kununulia mzigo wa kesho. Na neno kompaila hakuwahi kulisikia. Likamjia wazo ambalo wazazi wengi wanalijua: huyu mtoto ananidanganya.

Angeweza kufoka. Angeweza pia kutoa fedha kimyakimya ili asionekane mshamba. Badala yake akauliza, "Hicho kitu kinafanya kazi gani, baba?"

"Naandika maagizo kwa maneno na alama, mama. Kompyuta haiyaelewi hivyo yalivyo. Kompaila ndiyo inayoyageuza kuwa lugha ya mashine."

"Kumbe ni mkalimani. Sasa, mkalimani ni huyo mmoja tu?"

Kijana hakuwa na jibu. Kesho yake akamfuata dada wa nyumba ya pili, anayesomea kompyuta chuoni. Dada alicheka kidogo, kisha akamweleza.

Ipo GCC, kompaila iliyotolewa mwaka 1987 na Mmarekani Richard Stallman. Ni ya bure kihalali, si ya wizi. Kwa anayetumia Windows, njia rahisi ni kupakua Code::Blocks, nayo ya bure. Ila achague faili lenye neno "mingw" katika jina lake, ambalo huja na GCC ndani. Akikosea, atapata mahali pa kuandikia tu, mkalimani hayupo. Visual Studio Community nayo ni bure kwa mwanafunzi, lakini hula gigabaiti kadhaa, mzigo mkubwa kwa kompyuta kuukuu na bando la kupimapima.

Mwishowe walichotumia ni bando la siku moja. Mzigo wa mama ukanunuliwa kama kawaida.

Siku chache baadaye kijana alimwita mama aone programu yake: unaingiza idadi na bei, yenyewe inatoa jumla ya mauzo. Mama akafungua daftari lake, akalinganisha. Hesabu hazikulingana. Wakarudia mstari kwa mstari, mpaka ikaonekana kijana alisahau karoti.

"Mkalimani hana kosa," mama akasema. "Amesema ulichomwambia."

Wakacheka wote wawili. Kijana hakuwa amemdanganya mama yake. Naye alikuwa ameamini alichoambiwa. Lau mama angefoka usiku ule, huenda asingeitwa kuona programu hiyo.

Mzazi, si lazima uijue kompyuta ili umsaidie mwanao. Kabla ya kuuliza "shilingi ngapi?", muulize "kinafanya kazi gani?" na "hakuna kingine?" Kisha msikilize.