Hesabu ya Jicho Moja: Safari ya Siyu na Mombasa

Anayetaka kutoka Siyu haangalii saa, huangalia maji. Bamvua likijaa, mashua huingia kwenye hori hadi karibu na ngome na abiria hupanda bila kulowa miguu. Maji yakiwa mafu, chombo hukaa juu ya tope, na msafiri hukaa juu ya mzigo wake akivuta tasbihi. Siku niliyokwenda kumchukua mama yangu mkubwa, baada ya Maulidi ya Lamu kwisha, tulingoja tangu alfajiri hadi saa nne. Alikuwa ameketi juu ya mkeka, uso ameuelekeza baharini, akaniuliza: "Mwanangu, maji yameshafika kwenye mikoko?" Mikoko ilikuwa mbele yake, hatua thelathini. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba haoni.

Siyu, enyi wasomaji, si mji wa kupita tu. Katika karne ya 18 na ya 19 ulikuwa na jina kwa wanavyuoni wake, kwa mafundi wake wa ngozi, na kwa waandishi walionakili misahafu kwa kalamu ya mkono. Kazi ya macho na vidole ni urithi wa watu wa pale. Mama mkubwa naye alikuwa fundi wa kofia za mkono, zile ambazo tundu moja baada ya jingine huzungushiwa uzi kwa sindano, na kofia moja huchukua miezi. Kwa kofia hizo aliwalea watoto watatu baada ya kufiwa na mumewe. Yapata miaka mitatu alikuwa hajashona. Tulipomwuliza, alisema amechoka. Alipoacha kusoma juzuu yake baada ya Alfajiri, alisema anasoma kwa moyo. Sote tukaridhika na majibu hayo, nami nimo katika waliolaumika.

Ugonjwa wenyewe ni mtoto wa jicho. Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, mna lenzi ya asili iliyo safi kama kioo. Umri ukisogea huingia ukungu, na ukungu huo ukizidi mwangaza haupenyi. Ndio sababu kubwa kuliko zote ya upofu duniani, na wanawake wanaopofuka ni wengi kuliko wanaume. Asali haiuondoi, wala matone ya dukani, wala maji ya waridi. Dawa yake ni moja, nayo ni kuitoa lenzi iliyochafuka na kutia nyingine ya kutengenezwa mahali pake. Sisi tuliosoma vyuoni hatuna haki ya kushangaa tukisikia hayo. Yapata miaka 1000 iliyopita Ammar bin Ali, tabibu wa Mosul aliyefanya kazi yake Misri, aliandika kitabu cha magonjwa ya macho na kueleza namna ya kuunyonya ukungu huo kwa sindano yenye tundu.

Kwa nini hakusema? Nilimwuliza tulipokuwa tumeingia Mkanda, boti inakwenda polepole baina ya mikoko ya pande mbili. Alijibu kwa sauti ya chini ili nahodha asisikie. Alikuwa amesikia kwamba jirani mmoja alipelekwa Mombasa akatibiwa jicho, na wanawe wakauza shamba la minazi. "Sitaki mtu auze kitu kwa ajili ya macho ya kizee," akasema. Hakuwahi kuuliza ni shilingi ngapi, wala sisi hatukuuliza. Khofu ya bei ilimtia gizani miaka mitatu, na bei yenyewe hakuna aliyeijua.

Basi nitaieleza bei kama tulivyoilipa, njia nzima, kwani wengi hutaja malipo ya upasuaji peke yake.

Boti ya Siyu hadi Lamu tulilipa shilingi 500 kila mmoja, na kuvuka hadi Mokowe shilingi 150. Basi la Mokowe hadi Mombasa lilikuwa shilingi 1,600. Wapitao njia ile ya Witu na Garsen wanaijua: vizuizi vya askari, kushuka na kitambulisho mkononi, kupanda tena. Mgonjwa asiyeona hawezi kushuka peke yake, kwa hiyo nauli ni ya watu wawili, kwenda na kurudi, nayo ni shilingi 9,000 kabla ya kumwona tabibu. Malazi hatukulipa, tulifikia kwa jamaa Likoni, na kivuko kwa mwenda kwa miguu ni bure. Matatu za mjini zilitugharimu kama 600.

Tulianza kwenye kliniki moja ya binafsi mjini, jengo zuri, kiyoyozi kikivuma. Karani akatwambia upasuaji wa jicho moja ni shilingi 75,000. Mama mkubwa akasimama pale pale akitafuta mlango kwa mkono. Nikamwomba karani atuandikie: hizo 75,000 zina nini ndani yake? Akasita. Baada ya kumsukuma kwa adabu ikadhihiri kwamba vipimo vilikuwa nje ya bei, matone nje, na ziara za kurudi nje. Sikusema neno baya, ila niliondoka na funzo kwamba bei isiyoandikwa vipande vipande haijawa bei bado.

Siku ya pili tukaenda hospitali nyingine ya macho, ya hisani, yenye mabenchi ya mbao na watu wengi. Hapo karani alitwaa karatasi akaandika bila kuombwa: uchunguzi na kulipima jicho ili lenzi ilingane nalo, 1,500, upasuaji pamoja na lenzi, 22,000, matone ya mwezi mmoja, 1,800, ziara za kurudi zimo ndani. Miwani ya jua tuliinunua nje kwa 400.

Huenda mtu akauliza, kama mimi nilivyouliza, je, lenzi ya bei ndogo ni lenzi duni? Daktari, mwanamke kijana aliyejisitiri vizuri, alitufafanulia. Kuna lenzi ngumu, hutiwa kwa mkato mdogo unaofanywa kwa mkono. Na kuna lenzi ya kukunjwa, hutiwa kwa tundu dogo zaidi, na mashine ndiyo huvunjavunja ukungu na kuunyonya. Hiyo ya pili hupona upesi kidogo na bei yake ni kubwa. Lakini katika mkono wa mtaalamu aliyezoea, zote mbili humrudishia mtu macho yake. Bei ya lenzi yenyewe ina kisa. Daktari Harold Ridley alitia lenzi ya kwanza London mwaka 1949, na kwa miaka mingi ilibaki kitu cha matajiri. Kule Madurai, Bara Hindi, Daktari Venkataswamy alifungua hospitali ya Aravind mwaka 1976 kwa vitanda 11, akaweka utaratibu wa wenye uwezo kulipa na wasio nacho kutibiwa kwa ziada ya malipo hayo. Mwaka 1992 wakaanzisha kiwanda chao cha lenzi, na bei ikashuka hadi karibu dola 10. Kwa hiyo anayetozwa pesa nyingi aulize analipia nini: lenzi, mashine, au kiyoyozi.

Tukajumlisha. Jicho moja, kutoka Siyu na kurudi Siyu: shilingi 35,300. Katika hizo, 13,300 si za upasuaji. Zaidi ya thuluthi ya gharama ni barabara, bahari, vipimo na dawa, na hiyo ndiyo thuluthi inayosahauliwa mtu anapoambiwa "kuna upasuaji wa bei nafuu Mombasa."

Sasa za kulipia. Usiku ule, Likoni, mama mkubwa alifungua kifurushi alichokificha kifuani safari nzima. Ndani mlikuwa na shilingi 19,000. "Ni za sanda yangu," akasema, "na za watu watakaonizika." Tulipozihesabu chini ya taa, noti 6 za elfu zilikuwa za zamani, zile zilizokoma kutumika mwisho wa Septemba 2019. Alikuwa hazioni. Elfu 6 zilikuwa karatasi tu. Mke wa jamaa yetu akageuza uso. Mimi nilikaa kimya kidogo, kisha nikamwambia alilolisema sharia: sanda ya Muislamu hutolewa katika mali aliyoiacha, na asipoacha kitu ni juu ya wanaolazimika kumlisha, na wasipoweza, ni juu ya Waislamu. Hakuna maiti wetu aliyelala bila sanda. Jicho lake ndilo halina wa kulisimamia akilinyamazia. Akafikiri sana. Akazitoa zile 13,000 zilizo hai.

Mwanawe wa Malindi, aliyeajiriwa, alikuwa akidhani mama yake ameshalipiwa katika makato ya mshahara wake. Kosa hili ni la wengi, nami naomba lisikilizwe. Bima ya SHIF, iliyoanza Oktoba 2024 chini ya SHA mahali pa NHIF, humchukua mchangiaji, mwenzi wake wa ndoa na watoto wake. Mama mzazi ni nyumba yake mwenyewe. Huandikishwa kwa jina lake, kwa *147# au kwa msaada wa hospitali, na huchangiwa mchango wake. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75; asiye na mshahara hukadiriwa mapato yake na hulipa ya mwaka mzima, kima cha chini shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Mama mkubwa alikuwa ameandikishwa na haijalipwa hata senti. Kwa jicho la kwanza tulikuwa tumechelewa. Kwa la pili mwanawe ameshalipa, na karani ametwambia tuombe idhini kabla ya tarehe, tujue bima itatoa kiasi gani na linalobaki kwetu ni kiasi gani, na jibu lake tulipate kwa maandishi.

Yeye mwanawe alitaka kukopa kwa simu usiku ule ule. Nikamkataza. Mkopo wenye nyongeza ni riba hata ukiitwa ada, na anayekopa kwa ajili ya mama yake hakuhalalishiwa kwa hilo ilhali njia za halali zipo. Alituma 10,000 za mshahara wake, nikamwambia pia asizihesabu katika zaka: matibabu ya mzazi asiye na kitu ni wajibu wa mwana mwenye uwezo. Wanawake wenzake wa upatu kule Siyu, walipopigiwa simu, walimpisha zamu yake mbele, 8,000, bila mjadala mrefu. Na laiti wanaume wa msikitini tungekuwa na wepesi huo. Zilizobaki 4,300 nilizitoa mimi katika zaka yangu. Mama mkubwa ni maskini, wala kumlisha si wajibu wangu kisharia, basi zaka kwake inafaa, na ndani yake mna kuunga udugu. Nilimkabidhi mkononi, zikawa mali yake, akailipa hospitali mwenyewe.

Kambi za macho za bure nazo zipo, na huja hadi visiwani. Asiyeweza kulipa asizikimbie. Aulize tu ni nani atakayemtazama baada ya siku moja, baada ya wiki na baada ya mwezi, kambi ikishaondoka.

Upasuaji wenyewe haukufika nusu saa. Jicho liliganzishwa, yeye akawa macho, akisoma nyiradi zake. Kina mama huniuliza kuhusu sitara: linalofunuliwa ni uso, na nguo nyingine hubaki mahali pake. Huniuliza pia kuhusu udhu. Maji yasiingie jichoni kwa muda atakaousema daktari. Mtu huosha panapooshwa, hupangusa juu ya bendeji, na hutayamamu kwa kilichofunikwa, na mwenye kukatazwa kuinama husali kwa ishara. Wengine hungoja Ramadhani ipite, kama sisi tulivyongoja, kisha Idd, kisha Maulidi, ilhali kwa madhehebu yetu ya Shafii tone la jicho halifunguzi saumu.

Bendeji ilitolewa asubuhi ya pili. Alitazama mikono yake kwanza, mbele na nyuma, akasema imezeeka. Hakusema zaidi ya hilo, ila njia yote ya kurudi hakulala. Garsen alihesabu ngamia. Ziara ya mwezi tulikubaliana afanyiwe na muuguzi wa macho Lamu, nauli ya Mombasa ikaokoka.

Kwenye boti ya kutoka Mokowe alinyosha mkono akanivua kofia kichwani. Akaigeuza ndani nje, akaisogeza kwenye jicho jipya, akapitisha ukucha juu ya tundu moja moja.

"Hii ni ya mashine. Umeinunua kwa ngapi?"

Nikamtajia bei.

"Wamekuibia, mwanangu," akasema, akaitia katika kikapu chake, nami nikapanda gati la Lamu kichwa wazi.