Kutembea kwa Nani?

Gari ni la shemeji yangu: Hiace kuukuu aliyoing'oa viti vya nyuma, akatandika godoro, akaning'iniza vitenge madirishani na kufunga mtungi wa gesi mahali ambapo mimi nisingeweka hata kiberiti. Alisoma Ujerumani miaka mitatu, na huko aliona watu wazima wenye nyumba zao wakilala kwenye magari kwa hiari. Basi likizo yetu ya siku nne ikawa hivyo. Tulivuka Daraja la Nyerere Ijumaa jioni, tukaegesha Mjimwema. Usiku mbu, mchana kuogelea. Jumamosi sina la kusimulia.

Jumapili akatangaza kwamba tunakwenda Gezaulole kwa miguu, tukipita ufukweni, tukayaone magofu ya Mbwamaji. Gezaulole ni Kizaramo: jaribu uone. Jina hilo peke yake lilitosha kunibakiza godoroni.

Hakuna aliyekumbuka kuuliza habari za maji. Saa moja baadaye bahari ilikuwa inajaa, mchanga umebaki mwembamba kama ukanda, na mbele yetu kuna ukuta ulioshuka mpaka kwenye mawimbi. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu au zenye madhara ndani ya mita 60 kutoka baharini. Hapo mita zote 60 zilikuwa upande wa pili wa ukuta, na mbwa wanazilinda. Tukazunguka bara, katikati ya mihogo na minazi, jua la saa tano likitupiga utosini. Kisigino changu cha kulia kilikwisha kutoa lengelenge. Shemeji alikuwa anapiga mluzi.

Mbwamaji palikuwa na mji kabla Sultani Majid hajaanza kujenga Dar es Salaam miaka ya 1860. Ulikuwa na majumbe wake, na misafara ya bara ikishukia hapo. Sasa ni makaburi ya mawe ya matumbawe na vichaka. Siku nyingine ningekaa nikafikiri. Siku hiyo nilitafuta kaburi lenye kivuli, nikaona haya, nikakaa juani.

Bibi tulimkuta tulipotoka pale, barazani kwake, amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu. Mnatoka wapi?"

"Mjimwema," akasema shemeji. "Kwa miguu."

"Kwani magari hakuna leo?"

"Yapo, bibi. Tumekuja kutembea tu."

"Ahaa, karibuni. Kutembea kwa nani?"

Shemeji akacheka, akasema hatukuja kwa mtu. Bibi akaacha kukuna. Alitutazama viatu, kisha nyuso, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama kuna msiba. Hakuna. Mgonjwa? Hakuna. Kiwanja? Maana wanaokuja huku na raba nyeupe huja kununua viwanja. Hapana, bibi, hatuna hata hela ya kiwanja.

"Na usiku mnalala wapi?"

"Kwenye gari."

"Nyumba hamna?"

"Tumepanga, Sinza."

Akanigeukia mimi, nadhani aliniona ndiye mwenye akili kidogo. "Baba, niambie mimi kama mama yako. Mwenye nyumba kawafungia mlango?"

Sikuweza kujizuia, nikacheka mpaka nikasahau kisigino. Shemeji akaanza kueleza habari za Ujerumani: magari yenye vitanda, jiko, hata choo, familia nzima inazunguka mwezi mzima. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Hao watu hawana ndugu wa kufikia?"

Nilitegemea jibu la haraka, kwa sababu shemeji ana jibu la kila kitu. Akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikufunguka.

"Wanao, bibi. Ila huwezi kwenda tu. Unapiga simu wiki mbili kabla."

"Na wewe ulikaa huko?"

"Miaka mitatu."

"Pole," akasema bibi, kama anayempa mtu pole ya msiba, akarudi kwenye nazi yake.

Hatukuaga haraka. Niliamriwa kuvua raba, nikaletewa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Yaliniwasha hadi machozi. Tulikula muhogo wa nazi kwenye sinia moja. "Mmegeza, mmelola," alituambia, akacheka mwenyewe. Shemeji, ambaye tangu Ijumaa hakufunga mdomo, alikula kimya, kisha akamkunia bibi nazi ya pili, vibaya sana.

Kurudi tulipanda bodaboda, mishikaki, na hakuna aliyetaja ufukwe. Mlinzi wa pale Mjimwema alikuwa anafungua geti.

"Mlipotelea wapi?"

"Tulikwenda kutembea," nikasema. "Kwa bibi mmoja, Gezaulole."

"Mimi mwenyeji wa huko. Bibi nani?"

Nikamtazama shemeji. Shemeji akanitazama mimi.